Nilimsamehe Dada Yangu Mbele ya Kanisa, Sasa Haji Tena Kanisani

Admin, nifiche jina tafadhali, maana Kilosa hii tunajuana hadi rangi za mapazia. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, fundi cherehani hapa Magomeni ya Kilosa, nimeokoka, sina mume. Kwa nini sina mume ndiyo stori yenyewe.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nimeshachumbiwa. Dada yangu, tumbo moja, akaenda kuwaambia wakwe zangu watarajiwa kwamba utotoni nilikuwa naanguka kifafa. Ni kweli niliwahi kuanguka, lakini kifafa kiliisha nikiwa darasa la tatu! Uchumba ukafa. Nikamchukia dada mpaka nikawa nabadilisha njia nikimwona. Kanisani tukisali Sala ya Bwana, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nafunga mdomo, nasubiri wenzangu wapite, halafu naendelea. Miaka sita jamani!

Mwaka huu, mchana mmoja nipo kwenye cherehani nasali peke yangu, nikapita pale bila kunyamaza. Nililia mpaka nikalowesha kitambaa cha mteja. Nilipoinuka nilikuwa mwepesi. Nikala, nikalala, nikaanza kuimba ovyo mpaka jirani akaniuliza, "Umepata mchumba nini?" Nikamwambia nimempata Yesu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile maishani mwangu.

Sasa kiherehere changu. Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda. Nikasema yote, na dada nikamtaja, nikamnyooshea mkono kabisa pale kwenye kwaya ya akina mama: "Yule pale, nimemsamehe!" Kanisa zima haleluya. Mimi nalia kwa furaha, kumbe mwenzangu anatazama chini.

Wiki hiyohiyo akarudisha sare ya kwaya niliyomshonea mwenyewe, imefuliwa na kupigwa pasi. Tangu hapo haji kanisani. Nikikutana naye sokoni nampa shikamoo, anaitikia marahaba, anapita. Ile furaha nayo sijui imekwenda wapi. Nashona naharibu, nasali nakatisha, naamka usiku nakaa.

Juzi mchungaji akaniita. Mikumi wana semina Jumapili hii, wanautaka ushuhuda wangu. "Mpendwa, ule ushuhuda unafungua watu," akasema. Nikaitikia sawa, midomo tu.

Jana nikaenda kwa dada, nikapiga magoti mlangoni. "Dada, nisamehe kwa kukuaibisha." Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Kwani wewe uliponisamehe uliniambia mimi? Si uliwaambia watu? Basi na mimi nikikusamehe nitawaambia watu kwanza. Wewe utasikia."

Nimerudi nyumbani ndiyo nagundua kwamba hata jana, magoti chini, uso kwa uso, neno "nimekusamehe" sikulitamka. Nilikwenda kujitafutia nafuu yangu tu.

Wapendwa, gari la Mikumi linaondoka keshokutwa asubuhi na jina langu limeshatangazwa. Nisipokwenda wataniona nimerudi nyuma. Nishaurini, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha: nimrudie dada leo nimwambie, au nimeshachelewa? Na asiponifungulia mlango, hiyo furaha nitakayokwenda kuwashuhudia watu wa Mikumi ni ipi?