Surua kambini: nilivyokataa kumfukuza mama aliyegoma kuchanja mtoto

Wakuu, habari za humu. Ninachosimulia kimenitokea mwenyewe, na kuna wenzangu wa kambini wanasoma humu. Nikiongeza chumvi watanirekebisha.

Mimi ni katibu wa kamati kwenye machimbo madogo huku upande wa Geita. Tunaishi kwenye maturubai na mabati yaliyobanana. Mtoto akikohoa hapa, jirani wa tatu anasikia.

Surua ikaingia. Ndani ya wiki watoto watano wakawa wamelala na vipele. Mmoja alikimbizwa hospitali Kahama, hatukujua kama atarudi.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Ng'wandu, akatoa amri: asiyechanja mtoto ahame kambini ndani ya siku mbili.

Tangazo niliandika mimi, nikalibandika kwenye nguzo ya karasha, mashine ya kusagia mawe. Na sikusita, wakuu. Nina binti wa miezi kumi, nilikuwa naogopa.

Nesi akaja na chanjo, watu wakapanga foleni. Familia moja tu haikutokea. Ya mama Minza, anayepikia wachimbaji wa duara letu, yaani shimo letu la dhahabu.

Nikatumwa nikamwambie afungashe.

Nilimkuta anachambua mchele, mwanae mdogo Masanja yuko mgongoni.

"Mwangaluka, mama Minza. Habari za tangazo umezipata?"

"Nimesomewa, katibu. Nitaondoka. Ila mmenipa siku za kuhama, hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini."

Nikavuta ndoo nikakaa, nikamuuliza.

Minza, binti yake mkubwa, alipochanjwa akiwa mchanga alipata homa kali, akaingia degedege. Mama akamkimbiza zahanati ya kijijini kwao. Badala ya kuelezwa, akafokewa mbele ya watu kwamba ni mshamba anayesumbua. Mtoto alipona, mama akaapa hatarudia.

Nikarudi kwa mwenyekiti.

"Shikamoo mzee. Yule mama simfukuzi."

"Marahaba. Mwanae akiwaambukiza wengine, utajibu wewe?"

"Nitajibu. Tukimfukuza atahamia machimbo mengine na mtoto yuleyule na hofu ileile. Niachie hizo siku mbili."

"Likiharibika ni lako, katibu."

Nikaenda kulibandua tangazo mchana kweupe. Baba wa yule mtoto aliyelazwa Kahama alinifuata. "Mwanangu anapumulia oksijeni, wewe unabembeleza watu."

Nikalikunja tangazo, nikaondoka nalo.

Lakini sikumwacha mama Minza hivihivi tu. Tulikubaliana Masanja asichangamane na watoto wengine, na yeye asipike mpaka aamue. Alilifuata hilo bila kusukumwa.

Kisha nikampeleka nesi kwake. Yule dada alikaa chini kwenye mkeka, akasikiliza mpaka mwisho.

"Pole, mama. Aliyekufokea alikosea," akamwambia. Akaeleza kwamba homa baada ya chanjo inaweza kuja, hata siku kadhaa baadaye, na degedege hutokea kwa wachache. Akamwonyesha dalili za kuangalia. "Akichemka nipigie, nitakuja mwenyewe."

Mama Minza akajibu neno moja: "Nitafikiria."

Siku ya pili, saa sita hivi, nikamwona anapita katikati ya kambi, Masanja ameogeshwa na kuvalishwa shati safi. Akaenda moja kwa moja kwa nesi.

Nesi akamuuliza, "Una uhakika, mama? Hakuna anayekulazimisha."

"Ndiyo maana nimekuja."

Baada ya siku kadhaa Masanja alichemka kweli. Nesi akapigiwa, akaja kama alivyoahidi. Homa ikashuka. Yule mgonjwa wa Kahama naye alirudi, amekonda lakini anatembea. Hakuna familia iliyohama.

Wakuu, sisemi sheria ni mbaya. Kwenye duara bila kofia ngumu hushuki, na hakuna anayelalamikia haki zake. Ila nimejifunza kwamba mtu anayekataa huwa ana sababu, na kuiuliza hakuchukui muda mrefu kuliko kumfukuza. Kambi yetu ilijilinda bila kumtupa mtu nje, na nikisema najivunia nasema kwa kifua mbele.

Lakini maneno ya yule baba bado yananikaa kichwani. Aliyelazwa angekuwa binti yangu, ningeweza kungoja hizo siku mbili?

Karibuni mseme, hasa mnaoona nilikosea.