Labda ya Kiasi Gani?

Profesa wetu wa hesabu za uwezekano hakuna neno analoliogopa kama "labda" lililoachwa hivi hivi. Ukilitamka mbele yake, huvua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na kwa ile sauti yake ya kubembeleza akauliza, "Labda ya kiasi gani?" Hata mkewe akipiga simu kusema labda atachelewa, huulizwa hivyo hivyo, nasi husikia simu ikikatwa.

Juzi madaktari walikuja kuijaribu kompyuta tuliyoifundisha kusoma picha za eksirei za kifua. Wakiridhika, ingeanza kazi hospitalini kwao. Picha za mwanzo ilizisoma vizuri. Ya mwisho, ikaandika: "Sijui."

Tulinywea. Wageni wakatazamana. Profesa, ambaye hajapata kumsifu yeyote kati yetu, akaipigapiga kompyuta mgongoni. "Hongera, mwanangu."

"Profesa, imeshindwa hiyo," nikamnong'oneza.

"Haikushindwa. Imekataa kubahatisha."

Daktari mkuu akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Samahani, Profesa," akasema. "Hiyo ya mwisho ni ya mbwa wangu."