Kijiti cha Falesi kwenye Karatasi ya Maegesho

Sista Tamandani aliwawekea wanawake wa Kapsinja vijiti vya uzazi wa mpango kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza ametoa vingapi. Fomu zilizotoka Lilongwe kila mwezi zilikuwa na safu ya kuweka tu. Wakubwa waliamini, sijui kwa akili ipi, kwamba mwanamke akishawekewa kijiti basi mambo yake yamekwisha, arudi shambani akapalilie mahindi.

Koleo lake la pekee la kutolea lilivunjika meno mwezi wa nne. Akaandika barua, kimya. Akaandika ya pili, hospitali kubwa wakamjibu kwamba hata wao wanangoja ya kwao. Na kila Jumatatu asubuhi alimkuta Falesi, mke wa seremala, ameketi kwenye benchi la zahanati, ameushika mkono wake wa kushoto kama mwenye jipu.

Kijiti kilichomo mkononi humo Falesi aliwekewa akiwa mjane. Sasa ameolewa tena, mwaka wa pili huu, tumbo halionekani, na mawifi wamempa jina la Kufuli.

"Sista, nitoe leo."

"Nikutoe kwa meno yangu? Koleo sina, mama."

"Basi Krismasi hainikuti kwa mume wangu. Wameshanitamkia." Falesi akashusha sauti. "Wembe ninao nyumbani. Nitajichana mwenyewe."

"Thubutu! Nitakuzaba kofi mbele ya watu. Ningoje wiki moja tu. Nimeitwa kwenye mpango."

Mpango! Kila baada ya miaka mitano kamati hukusanyika hotelini kando ya ziwa, ikapanga wanawake wa nchi nzima watumie nini na itagharimu kwacha ngapi. Siku nne nzima: chai na sambusa mara mbili kwa siku, samaki wa ziwani, chambo, wa kukaanga mchana, na posho ya kulala juu yake. Safari hii mtu alikumbuka kwamba ingependeza muuguzi mmoja wa kijijini aonekane kwenye picha.

Wakafungua kwa sala, kisha jedwali likamulikwa ukutani. Tamandani alilisoma lote, akanyoosha mkono.

"Bwana mwenyekiti, naona vijiti laki tatu vya kuweka. Vifaa vya kuvitolea mmepanga vingapi?"

Mtaalamu wa kompyuta akapekua juu, akapekua chini. "Safu hiyo haipo."

"Haipo kwa nini?"

"Sista wangu," akasema mwenyekiti, Bwana Mkwezalamba, kwa ule upole wa kumwelekeza mtoto chooni, "kila anayetolewa anapunguza idadi ya waliokingwa. Sasa tutenge fedha za kujipunguzia wenyewe?" Ukumbi ukacheka. "Lakini hoja nzuri sana hiyo. Iende kwenye maegesho. Tumpigie makofi!"

Maegesho ni karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, karibu na mlango wa choo. Swali lenye mifupa huandikwa pale, lingoje muda upatikane. Na muda, jamani, haujawahi kupatikana tangu karatasi ya kwanza ibandikwe. Muda wa vitenge vya uzinduzi, elfu ishirini, huo ulipatikana. Walibishana asubuhi nzima kama maandishi yawe ya kijani au ya rangi ya chungwa, watu wazima na digrii zao.

Siku ya mwisho Tamandani akauliza tena.

"Tumeishiwa muda, sista. Gari linangoja."

Mfagiaji akaibandua karatasi, akafungia sambusa zilizobaki. Tamandani alikuwa amesimama pale pale, anatazama, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka. Akachukua bahasha yake ya posho, ambayo alikuwa ameipangia mabati ya jiko, akashukia Lilongwe na kununua makoleo mawili.

Jumatatu Falesi alikuwa benchini. Kumtoa kulichukua dakika kumi na mbili. Dakika kumi na mbili, na watu wazima walikuwa wamekaa siku nne! Kwenye fomu ya mwezi Tamandani akaandika pembeni, kwa wino mwekundu: kutoa, mmoja. Mwezi uliofuata: kutoa, tisa. Kule juu walisoma safu zao, ya pembeni hawakuyatazama.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na mmoja, wakaja kuuzindua mpango wao Kapsinja kwenyewe. Vitenge vikagawiwa, vya kijani. Bwana Mkwezalamba akashika maiki.

"Kapsinja ni mfano kwa taifa! Wanawake mia nne na kumi na wawili waliwekewa vijiti hapa, na mpaka leo hii wote wamekingwa. Hakutoka hata mmoja! Sista, njoo hapa mbele tukupigie makofi."

Makofi yakapigwa. Katikati ya makofi mtoto akaangua kilio mgongoni kwa Falesi, mstari wa kwanza kabisa, amefungwa kwa kitenge kipya cha mpango. Mtoto wa miezi minne, na mapafu anayo.

Mwenyekiti akakunja uso. "Mtoto wa nani huyo anatuharibia shughuli?"

Tamandani akaisogelea maiki.

"Huyo hayupo, bwana mwenyekiti. Mama yake umemhesabu sasa hivi, amekingwa. Mwandikeni kwenye maegesho, angoje muda."