Sauti ya Dada Iliishia Uani

Kule kwetu kusini, nikiwa mdogo hata jando sijaingia, dada yangu alinibeba mgongoni kunivusha kijito. Wakati wa masika kijito kile kilikuwa kinajaa mpaka kinabeba mbuzi. Mie kazi yangu ilikuwa moja tu, kumshikia kanga yake mpya isilowe. Kanga ya rangi ya ugoro yenye pindo jekundu, naiona hadi leo. Katikati ya maji nikaona kaa kwenye jiwe, nikanyoosha mkono kumuonyesha, na mkono niliounyoosha ndio uliokuwa na kanga. Ikaenda. Tukaiangalia inavyokwenda, imejitandaza juu ya maji, mpaka ikapinda kona.

Dada hakunipiga. Bora angenipiga. Alininyamazia. Siku ngapi sijui, shule niliishia darasa la pili na hesabu hazijawahi kunipenda. Asubuhi anapita ananiacha kama mguu wa kitanda. Akipika anawaita wengine mmoja mmoja, mie haniiti, nasubiri wakishakaa ndipo najisogeza. Mama akasema mwache, huyu ndivyo alivyo, hasira zake hazina mdomo. Mpaka jioni moja nimekaa nyuma ya nyumba nachokoa funza, nikasikia, "Njoo ule." Basi. Maneno mawili. Nilikula ugali ule na machozi na makamasi, na ukiniuliza mboga ilikuwa nini siwezi kukwambia.

Dada akaja kuolewa, mumewe akamleta Dar, wakajenga Mtoni, na mie nikafuata. Nimeuza kahawa, nimesukuma mkokoteni, nimelinda mageti ya watu. Mie nasimuliaga sana, watu wananiambia mzee punguza, lakini kupunguza sijui. Dada alizaa mtoto mmoja tu wa kiume. Mpwa wangu huyo nilimbeba mimi mabegani kumpeleka tohara, akaning'ata sikio. Alipokua akaenda Maskati kufanya kazi, kuendesha gari la familia moja huko.

Baba yake akafariki, kijana akapiga simu, "Mjomba, nisubirini, nakuja." Sasa nyie mnajua, kwetu maiti haikai. Masheikh wakasema azikwe alasiri. Dada akasimama mbele ya watu, eda hiyo anaianza, akasema mume wangu hazikwi mpaka mwanangu amwage udongo. Watu wakaguna. Tukalala na maiti. Kesho yake adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, mtoto hakuja. Tajiri wake alikuwa ameshika pasi yake ya kusafiria, lakini hilo tulikuja kulijua baadaye sana. Dada akasema mbele ya watu wale wale, "Haya, mzikeni. Mie sina mtoto." Tangu siku hiyo akamnyamazia.

Kijana akipiga simu, nampelekea dada, anaiweka sikioni, anasikiliza weee, neno hatoi. "Mama, nipo." Kimya. "Mama, nisamehe." Kimya. Anasikiliza mpaka mwisho, ananirudishia simu, anaendelea kuchambua mchele. Miaka ikaenda.

Hapa nikiri jambo. Mie nilikuwa namdanganya yule kijana. Namwambia mama yako anakusalimia, mama yako jana kakutaja, mama yako kakuombea dua. Nilidhani namsaidia. Mwisho akaniambia, "Mjomba, salamu zako nimezishiba. Mpe simu aniambie mwenyewe." Nampa. Kimya.

Halafu dada akaota uvimbe kooni. Akapasuliwa, akapona nusu. Sauti ikabaki mnong'ono tu, kama mtu anayepuliza jiko. Ukitaka kumsikia unainama mpaka sikio linagusa mdomo wake. Siku moja, mwezi wa Ramadhani ukiwa karibu kuingia, akanivuta shati, nikainama, akasema, "Nataka kumpa mwanangu radhi yangu. Nilimkataa mbele za watu, nitamrudisha mbele za watu."

Nikalia kama mjinga. Nikataka kupiga simu pale pale, lakini kwanza nikajaribu na binti yangu anayekaa Kimara. Nikaweka simu mdomoni kwa dada, akasema neno. Binti yangu akasema, "Baba, nasikia unavyohema tu." Basi nikajua. Tukimpigia hivi, kijana atasikia kimya kile kile anachokijua.

Nikamwendea rafiki yangu wa Manzese, anayekodisha mziki wa maharusi. Tunajuana tangu nywele zikiwa nyeusi. Ana spika mbili, ana maiki, ana miksa, lile sanduku la vidude vya kuzungusha, ambalo anavyolitunza hata mkewe hatunzwi hivyo. Nikamweleza. Akacheka, "Mie nimemtoa sauti bwana harusi mwenye kigugumizi akaimba, nitashindwa na dada yako?"

Alikuja na bajaji, miksa kaipakata mapajani, kaifunga kanga. Kompyuta niliazima kwa mwalimu jirani yetu. Maiki yake ya ndani ilishakufa, mwalimu mwenyewe akatuambia, lakini ina matundu mawili pembeni, moja la kutolea sauti, moja la kuingizia. Akatuonyesha pa kubonyeza ili simu ya mtandaoni ifunguke, akawahi kipindi shuleni. Picha akatuzimia bando lisiishe.

Rafiki yangu akachomeka nyaya mbili. Waya mmoja unatoa sauti ya kijana kwenye kompyuta, unaingiza kwenye miksa, anasikika spikani. Waya wa pili unatoa sauti ya dada kwenye miksa, unaipeleka kwenye kompyuta, inakwenda Maskati. Kila waya una kidude chake cha kuzungusha. Aliniambia vizuri sana, na nilielewa vizuri sana, ndio maana naumia.

Uani watu wamejaa, tumeita jirani wote waliokuwepo siku ya mazishi. Mama mmoja muuza vitumbua akapita na beseni lake.

"Wazee, leo nani anaolewa? Mbona sijaletewa kadi?"

"Anaolewa bibi yako," rafiki yangu akamjibu. "Weka beseni chini, ukae."

"Bibi yangu kafa!"

"Ndio maana tumeleta spika mbili."

Hata dada alicheka, mabega yakatikisika.

Sasa kupima. Rafiki yangu ana utaratibu wake wa miaka yote. Anampa mtu maiki aongee, yeye anatoka anatembea mpaka mwisho wa uchochoro, anasimama na kutega sikio. Akisikia vizuri ananyanyua mkono. Kwenye harusi ndivyo wanavyopima, mtu wa mwisho akisikia, kazi imekwisha. Dada akasema bismillahi kwenye maiki, mnong'ono wake ukatoka kwenye spika mkubwa, safi, hata pumzi yake unaisikia. Wanawake wakashika midomo. Ilikuwa miezi hatujasikia sauti ya mtu yule. Kule mwisho wa uchochoro mkono ukanyanyuka.

Tukapiga. Kijana akapokea. "Shikamoo mama. Shikamoo mjomba." Uwanja mzima unamsikia. Nikamwambia kwenye maiki, mama yako yuko hapa na watu wote wa msiba wako hapa, anataka kusema na wewe.

"Mjomba, najisikia mwenyewe, kama niko ndani ya pipa." Na hapo hapo spika zikapiga mluzi, ule mluzi wa kutoboa meno, watoto wakaziba masikio. Rafiki yangu mkono ukaenda wenyewe. Mluzi kwake ni adui, amepigana nao maisha yake yote. Akashika kidude kimoja akakirudisha chini mpaka mwisho, mluzi ukakata. Akachana selotepu kwa meno, akakibandika pale pale kisisogee.

"Haya, sasa vizuri?" nikauliza.

"Sasa sijisikii tena," kijana akasema. "Mpe mama."

Nikaona kanijibu.

Dada akaishika maiki kwa mikono miwili. Akasema, na uani hakuna aliyekohoa, "Mwanangu, mie mama yako. Niliudhika, nimekwisha kuudhika. Nimekuwia radhi, duniani na akhera. Baba yako pia hakuwa na kinyongo. Njoo nyumbani. Njoo ule."

Kimya. Halafu kijana, "Mama, nipo." Dada akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. "Mama, nipo." Halafu tukamsikia analia. Mtu mzima, analia kwa kwikwi, spika zote mbili. Na sie tukalia. "Haya, mama," akasema, akakata simu. Wanawake wakapiga vigelegele, muuza vitumbua akagawa beseni zima. Rafiki yangu akanikumbatia, "Si nilikwambia?" Akafunga vitu vyake, miksa akaifunga na kanga kama ilivyo.

Baada ya pale simu ya kijana ikawa haipatikani. Hatukushangaa, tukasema yuko kwenye mipango ya safari. Dada akaingia Ramadhani na uso wa msichana. Kila alasiri ananionyesha kwa kidole, pangusa kile kiti, atakuja. Katika kumi la kwanza akalala, hakuamka. Tukamzika siku ile ile. Habari tukaipeleka kwa mtu wa kwetu aliye huko Maskati.

Kijana alikuja siku ya tatu baada ya Idi, na begi dogo la mgongoni. Kazeeka. Tukampeleka kaburini, tukarudi, nikamtandikia mkeka uani, binti yangu akaweka maji ya kunawa na sinia la wali. Hakunawa. Akaniuliza, kwa adabu kabisa:

"Mjomba, nilikukosea nini? Kwa nini mlikusanya watu wote wa msiba, mkanipigia simu, ninyamaziwe mbele yao?"

Nikamwambia hapana, baba, mama yako alisema, alikupa radhi, sote tulisikia.

"Mjomba. Umeniletea salamu ngapi za mama?"

Muuza vitumbua alikuwepo, akaingilia, "Wallahi kasema! Kasema duniani na akhera, kasema hata baba yako hakuwa na kinyongo!"

"Na wewe, mama, ukubwa wako nauheshimu. Lakini mjomba wangu namjua, anajua kupanga watu."

Nikampigia rafiki yangu. Akaja mbio, nayo miksa kaibeba, maana nilimwambia kijana anasema hakusikia, na yeye akataka kumuonyesha ilivyokuwa. Mwezi mtukufu hakukuwa na harusi, kile kitu hakijaguswa tangu siku ile. Akaiweka juu ya mkeka kando ya sinia, akafungua kanga. Akaanza kueleza kwa kidole, huu waya unatoka hapa, huu unakwenda kwako. Kidole kikafika kwenye kidude cha waya wa Maskati. Kilikuwa chini kabisa, na selotepu juu yake, na alama za meno yake kwenye selotepu.

Rafiki yangu alikaa chini. Nimemjua mtu huyu kwa kelele zake. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ni mkono wangu huu. Mie nilimsikia spikani, nikajua nawe umemsikia."

Kijana akabandua selotepu polepole kwa ukucha, akakizungusha kile kidude juu, mpaka mwisho. Waya hakuna, umeme hakuna. Akakiacha.

"Alisema nini, mjomba? Yote. Usiongeze."

Nikamwambia yote. Sikuongeza. Nilipofika "Njoo ule", akanyoosha mkono kwenye maji, akanawa, akaumega wali, akaushika. Akaurudisha kwenye sinia.

"Aliyeniita hayupo, mjomba. Nakuja," akasema.

Akavaa ndala zake, akapita kati ya muuza vitumbua na ukuta, akashika uchochoro. Begi liko pale kwenye mkeka, nikajua kaenda kujisaidia, au kununua vocha. Nikamwona anafika mwisho wa uchochoro, pale rafiki yangu aliponyanyulia mkono. Hakugeuka. Akashika upande wa barabara ya Kilwa, na hakurudi tena.