Mshale Usifike Kwenye Nyekundu

Gari lilichemsha mara ya tatu nikiwa nimelijaza trei za mayai mpaka juu. Nilikuwa natoka Nabuyoga, ambako nanunua mayai kwa wafugaji na kuyapeleka Busia, na mvuke ulianza kutoka chini ya boneti nilipofika Busitema, mbele ya wanafunzi wa chuo waliosimama kutazama bila haya. Nikazima injini, nikakaa kando ya barabara nikalia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira.

Gari hilo aliniachia marehemu mume wangu. Ni la zamani, rangi imepauka, mlango mmoja unafunguliwa kwa ndani tu, lakini ndilo linalonilisha. Kadi yake ya umiliki, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliichukua siku za matanga akasema anaitunza. Sikubisha wakati ule. Mtu akiwa na msiba hubishana na nani?

Habari za kuchemka zilimfikia kabla mayai hayajafika sokoni. Kesho yake akaja kwangu Busia na fundi mmoja wa gereji ya jirani, rafiki yake wa kunywa naye. Fundi huyo ndiye aliyeng'oa thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, gari langu lilipochemsha mara ya kwanza, kwa sababu huku kwetu gari likichemsha kitu cha kwanza kutolewa ni hicho, hata kabla ya salamu. Mara ya pili akamimina bizari ya mchuzi kwenye rejeta, eti izibe panapovuja. Sasa alifungua boneti, akaangalia kwa muda wa mtu kumeza mate, akafunga.

"Shemeji, hii gari nakufa," shemeji akaanza kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Fundi nasema hedi imepinda, gasketi imeungua. Kuna mtu hapa Busia nachukua kwa spea. Kadi iko na mimi, haina shida."

"Hicho kichwa cha injini amekifungua lini akaona kimepinda?" nikauliza.

Fundi akasema, "Mama, mambo ya joto la injini wewe huwezi kujua."

Nimepika sufuria za harusi na za vilio kwa maisha yangu yote, halafu mwanamume aliyemimina bizari kwenye rejeta ananiambia sijui mambo ya joto. Nikamkata jicho. Nikamwambia shemeji kwamba piga ua, gari haliuzwi likiwa halijapimwa. Akacheka.

"Haya. Jumamosi kuja nayo nyumbani kwangu Sop Sop. Kama nachemsha njiani, nabaki huko, mtu wa spea nachukua. Kama nafika bila kuchemsha, gari yako, mimi nanyamaza."

Nikamtaka aseme tena. Akasema tena, fundi akisikia.

Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa baridi kabisa, nikajifunga kibwebwe. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili. Mume wangu alikuwa akiniambia kwamba gasketi ikiungua maji huingia kwenye oili, na oili huwa kama chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi, safi kwa umri wake. Nikafungua kifuniko cha rejeta, nikawasha injini, nikainama kutazama maji. Gasketi mbovu hupuliza mapovu humo. Nilisubiri mpaka mgongo ukauma, na povu sikuona hata moja. Basi fundi alikuwa amelizulia ugonjwa, na mimi nikafurahi kama niliyeshinda kesi.

Lakini maji yalikuwa yanapungua kila siku, na maji hayaendi bila njia. Nikatandaza maboksi ya trei chini ya gari usiku kucha. Asubuhi yalikuwa makavu. Nikaendesha hadi karibu na mpaka wa Kenya na kurudi, nikaegesha juu ya maboksi yaleyale injini ikiwa moto, na safari hii nikaona matone matatu nyuma ya injini, upande wa ukuta wa dashibodi. Nikaingiza mkono injini ilipopoa. Huko kuna mpira mwembamba unaopeleka maji ya moto kwenye hita, hita ambayo mtu wa Busia hataiwasha mpaka afe. Mpira ulikuwa umevimba na kupasuka ufa mdogo. Ukiwa baridi haudondoshi chochote. Maji yakipata moto na nguvu, yanapenya, na mengi hukauka hapohapo kabla hayajafika chini.

Nilibadilisha mpira siku hiyohiyo, nikazunguka mji mzima nikijisifu kwa kila aliyeniuliza. Ijumaa asubuhi gari likachemsha tena.

Sijui niseme nini kuhusu ule moyo niliokuwa nao. Nilimwona shemeji kichwani mwangu akihesabu tairi zangu. Nikasogeza kiganja kwenye rejeta, juu ilikuwa moto wa kuunguza, chini ilikuwa baridi kama mtungi. Maji hayakuwa yanashuka. Nikalisubiri lipoe, nikaongeza maji, nikalivusha polepole mpaka upande wa Kenya, kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni rejeta tu, hagusi kingine.

Aliitoa, akafungua tangi la juu, akaniita nije nione. Vijia vyote vilikuwa vimejaa kitu cheupe kigumu, na juu yake tope la njano, ile bizari ya mchuzi.

"Mama, unaweka maji gani humu?" akauliza.

"Ya kisima chetu. Hakuna maji safi kuyashinda Busia nzima."

"Ni safi kwa macho. Angalia birika lako nyumbani. Hii ni chokaa."

Birika langu lina ukoko mweupe unene wa ukucha, na nimekuwa nikiukwangua miaka yote nikidhani ni kosa la birika. Kisima kile tulichimba na mume wangu. Kila asubuhi nilikuwa nalinywesha gari maji yake kwa upendo, bila hata tone la kulanti, ile dawa ya kupozea injini, na nilikuwa nalinyonga. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mzee hakunicheka. Alizibua kijia kimoja kimoja kwa waya mwembamba, akachomelea tangi, akarudisha thamostati mpya, akajaza kulanti, akaniagiza nibinye mipira mpaka hewa yote itoke. Ilichukua mpaka jioni.

Jumamosi niliendesha nikitazama mshale wa joto kuliko barabara. Ulipanda, ukafika katikati, ukakaa. Kwenye mlima ulitikisika kidogo nikaacha kupumua, kisha ukarudi mahali pake.

Nyumbani kwa shemeji mtu wa spea alikuwa ameshafika, amekuja na kamba ya kuvutia gari. Shemeji aliangalia mshale, akafungua boneti, akasikiliza. Akalizunguka gari lote. Kisha akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la furaha ya kweli.

"Imepona kabisa," akamwambia yule mtu. "Sasa siyo bei ya spea. Sasa nauza bei ya gari."

Nilikuwa nimehangaika wiki nzima kutafuta panapovuja, na yeye shida yake haikuwa joto hata siku moja.

"Ulisema mara mbili," nikamwambia. "Nikifika, unanyamaza."

"Nilisema, ndiyo. Lakini kadi iko na mimi." Akaigusa kwenye mfuko wa shati.

Nikaingia, nikafunga mlango, nikawasha injini. Iliwaka mara moja.

"Basi panda hiyo kadi," nikamwambia, "uende nayo Busia."

Nikageuza gari palepale uani kwake, nikaondoka.