Kamwene ya Kona ya Mwisho

Basi la kwenda Mbeya liliposimama Ipogolo, Iringa (si Ipogoro, kama wageni waandikavyo), mbele tulikuwa tumekaa dereva, mwalimu wa riadha, msichana mkimbiaji wake, bibi mmoja wa Ifunda, na mimi. Kesho yake msichana angekimbia mbio huko Mbeya kutafuta nafasi katika timu ya taifa. Alikuwa amefumba macho, vidole vikichezacheza magotini.

“Kamwene,” bibi alimsalimu Kihehe. Akarudia; vidole vya msichana vikazidi kucheza.

“Watoto wa shule siku hizi!” akaniambia.

“Samahani, mama, anakimbia,” mwalimu alisema. “Anazikimbia mbio za kesho kichwani, ili kesho asiwe na woga.”

Bibi aliitazama miguu ya msichana. “Amefika wapi?”

“Kona ya mwisho.”

Bibi akaziba mdomo kwa kiganja, akangoja. Msichana alipofumbua macho, mwalimu akamwuliza, “Umekuwa wa ngapi?”

“Wa pili.”

“Hata kichwani unashindwa?”

“Nilikuwa mbele, mwalimu. Bibi akanisalimu, nikageuka.”

Tulicheka wote, bibi kuliko sisi. “Kesho usigeuke, mjukuu wangu. Kamwene yangu utaniitikia ukirudi.”

Kesho yake alishinda. Wakati wa kurudi alishuka Ifunda, akaenda kuitikia.

Nasikia Ulaya wanaoshindana kuteleza juu ya theluji nao hufumba macho hivyo kabla ya kushuka mlima. Sijui wao husalimiwa na nani.

Bibi yule alifariki Jumatatu iliyopita, nyumbani kwake Ifunda.