Wimbo Mpya kutoka Kitandililo

Mnicheke tu, nimestahili. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye redio moja hapa Makambako, napendekeza muziki mpya wa kompyuta wa wasanii wanaojitegemea, ile milio ya majaribio ambayo wasikilizaji wengi huiita kelele. Wiki iliyopita niliingia studio mikono mitupu. Kwenye WhatsApp nikakuta sauti ya dakika nne kutoka namba ngeni, bila jina wala salamu. Nikairusha hewani hivyohivyo.

Jamani, nilisisimka! Mngurumo, halafu mdundo unaochechemea. Nikajiona mtoto tena kule Kitandililo, nimekalia gunia kwenye mashine ya kusaga ya marehemu baba, unga umejaa kwenye kope.

"Msanii huyu ana kipaji," nikasema. "Sikieni anavyouyumbisha mdundo makusudi!"

Simu ya studio ikaita, nikaipokea hewani kwa mbwembwe.

"Kamwene, mwanangu," alisalimia mama. "Hiyo ni mashine ya baba yako. Nimenunua laini mpya, nikamrekodia fundi asikie inavyoumwa, kumbe nimekutumia wewe. Beringi imekufa. Sasa huyo msanii wako mwambie aje, watu wamepanga foleni na mahindi yao."